Tulipata Makadhi, Tukasahau Kufuli



Ndugu msomaji, kwanza nakupa mkono wa Ramadhan. Allah (SW) atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na dua zetu, na awarehemu waliofunga nasi mwaka jana na mwaka huu hawako. Pili, nakuomba dakika zako chache, hata kama ni zile za baada ya alasiri ambazo njaa imeshika na mtu hataki ubishi. Mada yangu ni ya ubishi kwelikweli. Ni katiba.

Kaa barazani na wazee wetu wa Mwambao baada ya tarawehe, kisha uliza: "Hivi ile katiba ya uhuru ya 1963 ilitupa nini sisi Waislamu?" Jibu ni moja. "Ilitupa Makadhi." Basi. Hapo mazungumzo hurudi kwenye kahawa na kashata. Mimi pia nimekulia jibu hilo na sikuwahi kulitilia shaka. Nilipoingia chuo kikuu nikalazimika kuisoma katiba ile yenyewe, kifungu kwa kifungu, nikaona kwamba wazee wamesema kweli, lakini nusu yake. Na hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyotuumiza.

Ninachotaka kukueleza ni hiki: rasimu ya katiba haipimwi kwa kifungu kinachokutaja wewe. Hupimwa kwa vifungu vinavyomfunga mwenye nguvu, na kwa ugumu wa kufuli iliyotiwa juu yake. Wazee wetu walipigania kifungu chao wakakipata, Alhamdulillah. Kufuli ilipovunjwa, wengi wetu hatukushtuka. Twende pamoja tuone ilikuwaje.

MWAMBAO ULIKUWA WA NANI?

Kijana wa leo huenda asijue kwamba Mombasa, Malindi na Lamu hazikuwa sehemu ya Koloni la Kenya kisheria. Mwaka 1895 Waingereza walifunga mkataba na Sultani wa Zanzibar kwamba wao watautawala ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, naye atalipwa kila mwaka. Mwaka 1920 bara lilipotangazwa kuwa Koloni, Mwambao ulibaki kuwa nchi ya himaya. Ardhi ilihesabiwa ya Sultani, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Mombasa mpaka 1963.

Kwa hivyo uhuru ulipokaribia, swali lilikuwa zito: ukanda huu uende wapi? Wengine walitaka ujitawale wenyewe, na hao ndio watu wa harakati ya Mwambao. Wengine walitaka uungane na Kenya. Mwaka 1961 Uingereza ilimtuma Sir James Robertson kuchunguza. Mwishoni mwa mwaka huo alipendekeza Mwambao uunganishwe na Kenya, na kwamba Waislamu wapewe dhamana juu ya dini yao, makadhi wao na hati zao za ardhi.

Mambo yote haya yalikuwa yakijadiliwa London, katika jumba la Lancaster. Mikutano ilikuwa mitatu: 1960, 1962 na 1963. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU, ambayo Ronald Ngala wa pwani alikuwa kiongozi wake, ilitaka majimbo, kwa hofu kwamba makabila madogo yangemezwa.

AHADI TANO ZA OKTOBA

Tarehe 5 Oktoba 1963, Waziri Mkuu wa Kenya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohamed Shamte waliandikiana barua. Siku tatu baadaye mkataba wa kuuhamisha Mwambao ukatiwa saini na pande nne: Uingereza, Sultani, Kenya na Zanzibar. Ndani ya barua zile mlikuwa na ahadi tano. Naomba uzisome polepole.

Ya kwanza: uhuru wa kuabudu, na kuhifadhiwa kwa misikiti na taasisi za Waislamu. Ya pili: kazi ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine idumu wakati wote, katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Ya tatu: katika sehemu zenye Waislamu wengi, wakuu wa utawala wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana. Ya nne: watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na shule za msingi za Waislamu ziendelee kupata ruzuku. Ya tano: hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani ziheshimiwe wakati wote.

Ukizisoma tu utasema, mashaallah, wazee walifanya kazi. Na kweli walifanya. Lakini sisi tulisomeshwa madrasa namna ya kuupima mkataba. Hebu tuutumie ujuzi huo.

KIPIMO CHETU TUNACHO

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haizungumzii Pepo wala Moto. Inazungumzia kuandika deni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikistaajabu: kwa nini Mola atumie aya ndefu hivi kwa mambo ya daftari? Sasa naona ni rehema. Wahenga wetu waliifupisha hekima hiyo kwa maneno yao: mali bila daftari hupotea bila habari.

Aya hiyo inaamrisha mambo kadhaa. Mwandishi awe mwadilifu. Anayeandikisha awe ni yule mwenye deni, maana yeye ndiye atakayefungwa na maneno yale, na amche Mola wake wala asipunguze kitu. Asiyeweza kujisemea, walii wake amsemee kwa uadilifu. Wawepo mashahidi wanaoridhiwa. Watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Na mwisho, mwandishi asidhuriwe, wala shahidi.

Mimi si mufasiri, wala sisemi kwamba aya iliteremka kwa ajili ya katiba za nchi. Lakini katiba nayo ni deni. Ni deni ambalo serikali inawiwa na raia: amana ya roho zao, mali zao na dini yao. Anayetaka kuijua rasimu nzuri na mbaya anaweza kuuliza maswali hayohayo.

NANI ALIANDIKISHA?

Katiba ya uhuru haikuandikwa Nairobi ikapitishwa na wananchi. Ilitolewa kama kiambatisho cha amri ya serikali ya Uingereza, baada ya mashauriano ya wanasiasa London. Hapakuwa na kura ya maoni. Mvuvi wa Faza na mchungaji wa Wajir hawakuulizwa kama wanaikubali.

Tena mwenye deni hakuandikisha kwa ridhaa. KANU haikuyapenda majimbo. Iliyakubali ili uhuru usichelewe. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Matokeo yake ni kwamba chama kilichokuja kushika dola kilikabidhiwa katiba ambayo hakikuiamini, na kilichokuwa kikingojea ni nafasi tu. Ndugu msomaji, hii ni dosari ya kwanza ya rasimu yoyote: ikiwa atakayefungwa nayo anaiona kuwa ni ya mpito, basi ni ya mpito.

Na yule asiyeweza kujisemea, walii wake alikuwa nani? Tazama ahadi ya tano, ile ya ardhi. Ililinda hati zilizosajiliwa. Lakini sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka mtu apeleke madai yake na kuyathibitisha, na Wamijikenda wengi na Waswahili wengi hawakufanya hivyo. Baadhi yao walikuwa wakiishi juu ya ardhi ya mababu bila hata kipande cha karatasi. Kwa hivyo ahadi iliyoonekana ni ngao ya Mwambao ilimlinda mwenye hati, na asiye na hati ikamwacha kuwa maskwota katika shamba alilozaliwa. Wengi wa hao walikuwa Waislamu, na wasiokuwa Waislamu walikuwa majirani zetu. Tuseme ukweli hata kama ni juu ya nafsi zetu: hapo tulijadiliana kwa ajili ya wenye chao. Vilio vya ardhi ya pwani mpaka leo vina mizizi hapo.

MASHAHIDI WALIKWENDA WAPI?

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Kenya ikapata tarehe 12. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baadaye, yakatokea mapinduzi Zanzibar. Serikali ya Shamte ikaanguka. Sultani Jamshid akakimbia kwa meli, akafika Mombasa, akanyimwa ruhusa ya kushuka. Fikiria hilo kidogo. Yule aliyetia saini mkataba wa Mwambao hakuweza kukanyaga Mwambao, na wino wa mkataba ulikuwa haujatimiza hata miezi minne.

Simlilii Sultani hapa. Ninachotazama ni ule mkataba. Ahadi zilizobaki katika barua zilikuwa na mdai mmoja mwenye sauti, nayo ni serikali ya Zanzibar. Mdai alipoondoka, nani angedai? Ahadi za Kiarabu mashuleni na za wakuu wa utawala Waislamu hazikuwa ndani ya katiba. Zilikuwa katika barua, tena zikiwa na yale maneno ya "kadiri itakavyowezekana". Kila mzazi anayajua maneno hayo. Ukimwambia mtoto "inshaallah nitakununulia kadiri itakavyowezekana", yeye mwenyewe anajua viatu vya Idi havipo.

Kilichoingia katika katiba kikapata nguvu ya sheria. Hicho ndicho kifungu cha makadhi, kilichokuja kujulikana kama kifungu 66: Kadhi Mkuu, na makadhi wengine wasiopungua watatu. Mwaka 1967 kikapata sheria yake ya Mahakama za Kadhi. Uhuru wa ibada nao ulikuwa ndani ya sura ya haki. Hapa somo la aya ni wazi kama jua la saa sita: msichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Lililoandikwa ndani lilibaki. Lililoachwa nje lilipeperuka.

KUFULI NA WALIOIVUNJA

Sasa tufike kwenye moyo wa mambo. Katiba ya 1963 ilikuwa na kufuli nzito. Bunge lilikuwa na mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, na Seneti yenye viti 41. Kubadilisha katiba kulihitaji asilimia 75 ya kura katika kila baraza. Kwa sehemu zilizotiwa ulinzi wa pekee, Seneti ilitakiwa itoe asilimia 90. Kwenye karatasi, ungedhani hakuna wa kuigusa.

Lakini kufuli ile ilitegemea kitu kimoja: kuwepo kwa upinzani. Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, wabunge wake wakajiunga na KANU. Walioweka kufuli wakaukabidhi ufunguo. Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio.

Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na rais akawa mkuu wa dola na wa serikali kwa pamoja. Mwaka 1965 kile kiwango cha asilimia 75 na 90 kikashushwa hadi asilimia 65 kwa mabaraza yote mawili. Yaani walianza kwa kuibadilisha kufuli yenyewe. Mwaka 1966 mbunge aliyehama chama alilazimika kurudi kwa wapiga kura, na mwaka huohuo ukaja uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi kwa jina la usalama wa umma. Kisha Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, ikawa imekwisha. Kufikia 1968 majimbo yalikuwa yamefutwa kabisa katika katiba.

Mwaka 1982 kifungu 2A kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi wa Hesabu waliondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji. Unakumbuka mwisho wa aya ya deni? Mwandishi asidhuriwe, wala shahidi. Jaji na mkaguzi wa hesabu ndio waandishi na mashahidi wa mkataba wa nchi. Ukiweza kuwafukuza utakapo, hakuna mkataba tena. Ulinzi wao ulirudishwa 1990, na kifungu 2A kikafutwa Desemba 1991, baada ya watu wengi kuumia.

Sasa swali la fumbo: miaka yote hiyo, kifungu cha makadhi kilifanywa nini? Hakikufanywa kitu. Kilikaa palepale. Wazee huchukua hilo kuwa ushahidi kwamba dhamana yetu ilikuwa imara. Mimi naona kinyume chake. Kilibaki kwa sababu hakikumsumbua mtu yeyote Ikulu. Kadhi akigawa mirathi ya marehemu Mtaa wa Kibokoni, rais anapungukiwa nini? Vifungu vilivyomzuia mkubwa ndivyo vilivyoondolewa, kimoja baada ya kimoja. Kile ambacho hakikuzuia kitu kiliachwa, nasi tukakitazama tukasema, "Alhamdulillah, katiba yetu ipo."

NDUGU ZETU WA KASKAZINI MASHARIKI

Kama bado huoni uzito wa jambo hili, nenda Garissa, Wajir na Mandera. Kule karibu watu wote ni Waislamu. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza iliona kwamba walio wengi katika eneo hilo walitaka kuungana na Somalia. Hawakusikizwa. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa huko, na vita vya shifta vikaendelea mpaka 1967.

Sheria zilezile za uhuru zilizotupa sisi makadhi ziliipa serikali uwezo wa kulitawala eneo la Kaskazini Mashariki kwa kanuni za pekee. Uwezo huo baadaye ulijulikana kama kifungu 127 cha katiba, na haukufutwa mpaka Novemba 1991. Kwa takriban miaka 28, Muislamu wa Wajir alikuwa na katiba nyingine, isiyofanana na ya Muislamu wa Mombasa. Haki zilizoandikwa katika sura ya haki zilifika kwake zimekatwa.

Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla nje ya mji wa Wajir, wanaume wa Kidegodia walikusanywa na vikosi vya usalama, wakaachwa juani bila maji, wakapigwa na kuuawa. Waliokufa walikuwa mamia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari zao katika ripoti yake ya 2013. Ndugu msomaji, siku zile za Wagalla Mahakama za Kadhi zilikuwepo. Kifungu 66 kilikuwepo. Mjane wa Wagalla angeweza kwenda kwa kadhi akapata fungu lake la mirathi kwa haki kabisa. Lakini kumlinda mumewe asiuawe, kifungu 66 hakikuweza. Hiyo ilikuwa kazi ya vifungu vingine, na vifungu hivyo vilikwisha kufungwa mikono.

Hii ndiyo nusu ya jibu ambayo barazani haisemwi.

LAKINI SI HUDAYBIYA NAYO?

Najua kuna atakayenijibu: "Wewe kijana, wazee wangefanya nini? Walikuwa wachache. Walichukua walichokipata. Hata Mtume (SAW) alikubali masharti magumu Hudaybiya."

Ni hoja nzito, na siidharau. Katika mwaka wa 6 Hijria, Suhayl bin Amr alikataa isiandikwe kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah, na ikafutwa. Sayyidna Umar (RA) aliona masharti yale ni dhila. Baadaye ikabainika kuwa ni ufunguzi. Kwa hivyo ni kweli kwamba mkataba haupimwi kwa jinsi unavyotufurahisha siku ya kwanza, na wazee wetu wa 1963 wanastahili dua zetu. Bila wao, huenda leo tungekuwa tunagombania mirathi mbele ya hakimu asiyejua faraidh ni kitu gani.

Ila tuitazame Hudaybiya vizuri. Mkataba ule ulikuwa na muda, mashahidi wa pande mbili, na masharti yaliyojulikana na kila mtu. Makureshi walipouvunja, kwa kuwasaidia washirika wao dhidi ya Khuza'a, Waislamu hawakunyamaza wakasema "sisi hatukuguswa wenyewe." Khuza'a walikuwa wenzao katika mkataba, na kuguswa kwa mwenzako ni kuguswa kwako. Miaka ya 1965 mpaka 1988, haki za wenzetu zilipokuwa zikikatwa, wapo miongoni mwetu waliosimama, na wengine wakalipa kwa kifungo. Lakini wengi tulihesabu makadhi wetu, tukaona wametimia, tukanyamaza.

RAMADHAN YA 2010

Tuje karibu. Rasimu ya 2005 ilikataliwa katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba, ile ya ndizi na chungwa. Miaka mitano baadaye ikaja rasimu nyingine. Mabishano yakarudi palepale: makadhi, makadhi, makadhi. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga, na Mahakama za Kadhi zilikuwa miongoni mwa sababu zao. Mei 2010 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya tangu 2004, ikasema kifungu 66 kinapingana na misingi ya dola isiyopendelea dini. Unaona sasa? Kifungu kilichokaa miaka 47 bila kuguswa kilitikiswa siku ile kilipompata mtu wa kukipinga.

Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi walipiga kura, na asilimia 67 hivi wakaikubali. Tarehe 27 Agosti, siku ya Ijumaa, ndani ya Ramadhan ya 1431, katiba ikazinduliwa. Makadhi wamo katika kifungu 170: Kadhi Mkuu na wasiopungua watatu, safari hii kwa sharti kwamba pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa hapo.

Misikiti mingi iliunga mkono rasimu ile. Ukiuliza kwa nini, wengi watakwambia, "Kwa sababu ya makadhi." Nami nauliza: je, tungeikataa rasimu yenye makadhi lakini isiyo na kufuli? Je, tungeikubali isiyowataja lakini inayomlinda kila raia asikamatwe usiku bila kesi? Haya ndiyo maswali ya kupimia.

Bahati yetu, rasimu ya 2010 ilikuwa na mengine mazuri zaidi kuliko kile kifungu chetu. Raia waliulizwa. Seneti ilirudi, zikaja kaunti 47. Na kufuli sasa ni ya namna nyingine: mambo mazito kama sura ya haki, muhula wa rais, uhuru wa mahakama na malengo ya ugatuzi hayabadilishwi na Bunge peke yake. Lazima kura ya maoni, tena angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wapige kura katika angalau nusu ya kaunti. Ufunguo hauko tena mfukoni mwa chama. Uko mkononi mwako wewe. Kufuli hiyo ilijaribiwa kwa mswada wa BBI, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko kupitia mlango uliowekewa wananchi.

Lakini angalia jambo moja. Katika orodha ya mambo yanayolindwa na kura ya maoni, Mahakama za Kadhi hazikutajwa kwa jina. Kinachozilinda ni uhuru wa mahakama zote na haki za watu wote. Kwa hivyo Muislamu anayetaka makadhi wadumu hana budi kumtetea hakimu wa kawaida, mwandishi wa habari, na hata jirani asiyekuwa wa dini yake. Wakianguka wao, kifungu chetu kitabaki pweke kama kilivyobaki zamani.

TUFANYE NINI?

Sikuandika haya ili tuwalaumu wazee. Nimeandika kwa sababu Kenya haiishi mazungumzo ya kubadilisha katiba, na yatakuja tena. Siku itakapokuletea rasimu, usifungue moja kwa moja ukurasa wa makadhi. Anza nyuma, kwenye sura ya mabadiliko: nani ana ufunguo? Kisha soma ya hali ya hatari: nani anaweza kunyimwa haki, na kwa muda gani? Kisha ya majaji: nani anaweza kuwafukuza? Tafuta yale maneno ya "kadiri itakavyowezekana", uyapigie mstari. Halafu jiulize, yupo nani hapa asiyeweza kujisemea, na nani anamsemea? Ukimaliza hayo yote, ndipo ufungue kile cha makadhi.

Ramadhan hii, siku moja tu baada ya futari, baba au mama aitoe katiba, ipo kwa Kiswahili, watoto wasome ukurasa mmoja mmoja kwa zamu kama tunavyosomeshana juzuu. Na mara nyingine ukikaa barazani, mzee akakwambia, "Tulipata makadhi," mwambie, "Naam baba, Allah awalipe kheri." Kisha umuulize kwa adabu, "Na kufuli ilivunjwa lini, na siku hiyo tulikuwa wapi?"

Ewe Mola, tujaalie tuwe mashahidi wasiokataa wanapoitwa. Amin.

Ramadhan Mubarak. Wabillahi tawfiq.